Upelekaji mbele wa barua pepe

Upelekaji mbele wa barua pepe ni kazi inayofanywa na seva ya barua pepe pale inapopokea barua kwa niaba ya anwani fulani, kisha ikaituma yenyewe kwenye anwani nyingine bila mwenye sanduku kugusa kitu. Mwanafunzi mwenye anwani ya chuo inayoishia na .ac.tz anaweza kutaka barua zake zote zimfikie kwenye Gmail anayoisoma kila siku kwa simu. Mtumishi aliyehamishwa kituo anaweza kutaka barua za anwani yake ya zamani zimfuate kwenye anwani mpya. Jambo hili ni tofauti na mtu kufungua barua na kubonyeza kitufe cha kusambaza: hapo mtu mwenyewe anakuwa mtumaji mpya, ilhali hapa mtumaji wa awali anabaki yuleyule.

Kwa watu kumi kazi hii ni ya mistari kumi kwenye faili. Kwa watu elfu thelathini inakuwa kazi ya aina nyingine, na sababu si kwamba kompyuta inachoka. Ugumu uko kwenye wajibu: seva ya kati imekubali kuwajibika kwa barua ambazo haikuziandika, zinazokwenda kwenye seva ambazo haizimiliki. Ikizembea, barua halali zinapotea na kikoa kizima kinapata sifa mbaya.

## Historia

Wazo la kupokea, kuhifadhi na kupeleka mbele ni la zamani kuliko kompyuta. Katika karne ya 19 barua za kwenda bara zilitoka Unguja kwa chombo, zikashushwa Bagamoyo, na hapo zikasubiri msafara wa wapagazi. Henry Morton Stanley aliandika kwamba msafara uliobeba vifaa na barua za David Livingstone, pamoja na mfuko uliotiwa tarehe 1 Novemba 1870, ulikaa Bagamoyo takriban siku mia moja kabla ya kuondoka mwezi Februari 1871. Stanley aliukuta mfuko huo Unyanyembe, karibu na Tabora, na barua zikamfikia Livingstone huko Ujiji karibu mwaka mmoja baada ya tarehe ile. Safari ilikuwa ndefu kweli, lakini kwa maelezo hayo zaidi ya robo ya muda wote barua hazikuwa njiani kabisa. Zilikuwa zimekaa kwenye kituo cha kupeleka mbele. Wasimamizi wa seva za leo wanaufahamu vizuri ugonjwa huo.

Barua pepe za kwanza za Afrika Mashariki nazo zilisafiri kwa vituo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti ya kudumu haijafika, kituo cha FidoNet katika ofisi za shirika la mazingira la ELCI jijini Nairobi kilikusanya barua za mashirika mbalimbali na kubadilishana mafungu na GreenNet ya London kwa kupiga simu. Mradi wa ESANET, uliokuwa na kitovu chake Chuo Kikuu cha Nairobi, uliunganisha kwa njia kama hiyo vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Mtandao wa HealthNet uliwahudumia madaktari kwa kutumia setilaiti ndogo iliyopita juu ya kituo mara chache tu kwa siku: barua zilipandishwa inapopita, zikashushwa inapofika upande wa pili. Kila dakika ya simu ya kimataifa ilikuwa na bei yake, hivyo waendeshaji wa vituo hivyo walibana barua, wakazifunga pamoja na kuzituma kwa mkupuo. Ustadi huo ulisahaulika kidogo baada ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ingawa faida yake haijaisha, kama inavyoonekana hapa chini.

Upande wa kanuni, itifaki ya SMTP iliyoandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982 tayari iliruhusu seva moja kuipelekea nyingine barua isiyo yake. Mwaka 1986 zikaja rekodi za MX kwenye DNS, zinazosema ni seva ipi inapokea barua za kikoa fulani. Programu ya Sendmail ya Eric Allman ilimwezesha kila mtumiaji wa Unix kuweka faili dogo liitwalo .forward katika saraka yake, lenye anwani ambayo barua zake zipelekwe. Programu zilizofuata, zikiwemo Exim (1995) na Postfix ya Wietse Venema (1998), ziliendeleza utaratibu huo pamoja na jedwali la lakabu, ambamo msimamizi anaorodhesha anwani zote na mahali zinapoelekea.

## Bahasha na barua

Kila barua pepe ina sehemu mbili ambazo msomaji wa kawaida haoni tofauti yake. Ya kwanza ni bahasha: anwani ya mtumaji na ya mpokeaji ambazo seva huambiana mwanzoni mwa mazungumzo yao ya SMTP. Ya pili ni barua yenyewe, pamoja na vichwa vinavyoonekana kwenye skrini, kama vile jina la mwandishi na mada. Kama ilivyo kwa barua ya karatasi, jina lililo juu ya bahasha na lililo ndani si lazima yafanane.

Upelekaji mbele wa kawaida hubadilisha kitu kimoja tu, yaani mpokeaji aliye kwenye bahasha. Mtumaji wa kwenye bahasha huachwa kama alivyo, ili barua ikishindwa kufika, taarifa ya kushindwa imrudie aliyeituma. Utaratibu huo ulikuwa wa busara mwaka 1982. Ndio uliokuja kuleta matatizo miaka ishirini baadaye.

Kuna kanuni nyingine ambayo uzito wake hauonekani mara moja. Seva inapomaliza kupokea barua na kujibu kwa namba 250, imechukua dhamana. Kuanzia hapo aliyeituma anaruhusiwa kuifuta nakala yake, na seva iliyopokea lazima ama iifikishe au itoe taarifa kwamba imeshindwa. Kwa hiyo seva makini huandika barua kwenye diski na kuhakikisha imekaa kabla ya kutamka 250, umeme usije ukakatika katikati. Kwenye seva yenye shughuli nyingi, kasi ya diski ndiyo mara nyingi huwa kikwazo cha kwanza. Kichakato huwa hakina kazi kubwa. Diski za SSD zimepunguza tatizo hilo sana.

## Hesabu ya mzigo

Chukulia chuo chenye anwani 30,000, kila moja ikipokea barua 20 kwa siku na zote zikipelekwa nje. Hizo ni barua 600,000 kwa siku, wastani wa barua saba kwa sekunde. Barua hazigawanyiki sawasawa: saa nne asubuhi siku ya Jumatatu kiasi kinaweza kuwa mara tano ya wastani, yaani barua 35 kwa sekunde.

Kutafuta lakabu si tatizo. Jedwali lililowekewa faharasa hujibu papo hapo, na hata kama anwani zimehifadhiwa kwenye kanzidata au saraka ya LDAP, inatosha kutumia miunganisho michache ya kudumu badala ya kufungua mpya kwa kila barua. Kinachotawala hesabu ni muda ambao seva ya upande wa pili inachukua kupokea. Ikichukua sekunde mbili kwa barua, basi kwa kasi ya barua 35 kwa sekunde kutakuwa na miunganisho 70 iliyo wazi kwa wakati mmoja (35 mara 2). Seva ya kawaida inamudu. Lakini siku seva ya upande wa pili ikilemewa na kuchukua sekunde 30, miunganisho inayohitajika inakuwa 1,050. Postfix, kwa mipangilio yake ya awali, huruhusu michakato 100 tu ya kila aina. Yote ikishikwa na vikoa vilivyolala, barua za vikoa vingine vyote zinasimama nyuma yake ingawa njia zao ziko wazi.

Barua moja kwa watu wengi ina hesabu yake. Tangazo lenye kiambatisho cha megabaiti 5 huongezeka kwa takriban theluthi moja linapogeuzwa kuwa maandishi ya kusafirishwa, hivyo linafikia karibu megabaiti 6.7. Likipelekwa moja moja kwa watu 30,000 wa kikoa kilekile, litabeba gigabaiti 200, na kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde litachukua zaidi ya saa nne. SMTP inaruhusu bahasha moja kuwa na wapokeaji wengi. Wakiwekwa hamsini hamsini, kiwango ambacho Postfix hutumia bila kuelekezwa, safari zinakuwa 600 na data inashuka hadi gigabaiti 4, kazi ya dakika tano au sita. Hili ndilo waliokuwa wakifunga mafungu ya barua Nairobi walilolijua. Bora zaidi ni tangazo kubeba kiungo cha faili badala ya faili lenyewe, lakini hilo ni suala la kumwelimisha mwandishi wa tangazo na halimo mikononi mwa seva.

## Foleni

Seva inayopeleka barua nyingi hupimwa kwa foleni yake. Barua isiyoweza kuondoka sasa hivi hukaa kwenye diski na kujaribiwa tena baadaye. Jibu la seva ya upande wa pili linaloanza na namba 4 lina maana ya "si sasa, rudi baadaye". Linaloanza na 5 lina maana ya "usirudi". Kutofautisha haya mawili ni msingi wa kazi yote. Mwongozo wa SMTP unataka barua iliyopewa jibu la aina ya kwanza iendelee kujaribiwa kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa.

Swali ni kujaribu mara ngapi. Kurudi kila dakika kwenye seva iliyolemewa ni kama abiria wanaoendelea kusukumana mlangoni mwa daladala iliyokwisha kujaa: hakuna anayeingia, na dereva hawezi kuondoka. Ndiyo maana programu huongeza muda wa kusubiri baada ya kila jaribio. Postfix huanza na sekunde 300 na kufikia sekunde 4,000, kidogo zaidi ya saa moja. Pia hupima uwezo wa kila kikoa: huanza na miunganisho michache, huiongeza inapoona inapokelewa vizuri, na huipunguza inapokataliwa.

Kwa seva ambayo sehemu kubwa ya barua zake inakwenda Gmail, Yahoo na Outlook, mpangilio wenye manufaa kuliko yote ni kuzitenganishia njia. Kila kampuni kubwa hupewa kundi lake la michakato na ukomo wake, na vikoa vingine vyote vikapewa kundi la pamoja. Gmail ikisitasita kwa saa mbili, barua ya kwenda wizarani haisubiri. Barua ambazo zimekwisha kushindwa mara moja au mbili zinaweza pia kuhamishiwa seva ya pili ya kusubiria, ili seva ya kwanza ibaki na barua mbichi tu, ambazo nyingi zinapita kwa jaribio la kwanza.

Msimamizi akitazama idadi ya barua zilizo kwenye foleni anaweza kudanganyika, kwa sababu barua elfu kumi zilizofika dakika hii si tatizo. Kipimo cha kweli ni umri wa barua kongwe kwa kila kikoa. Barua mia tatu za kikoa kimoja zenye umri wa saa tisa zina habari ya kueleza, na kwa kawaida habari hiyo imeandikwa waziwazi kwenye kumbukumbu za seva: ama kikoa kimekufa, ama seva ya chuo imewekwa kwenye orodha nyeusi.

## Tatizo la SPF

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, wenye vikoa walianza kutangaza kwenye DNS orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lao. Utaratibu huo unaitwa SPF. Seva inayopokea hulinganisha mtumaji wa kwenye bahasha na anwani ya IP iliyoileta barua. Visipolingana, barua inashukiwa kuwa ya kughushi.

Hapo upelekaji mbele wa kawaida unavunjika. Benki inamwandikia mwanafunzi kwenye anwani ya chuo. Seva ya chuo inapeleka barua Gmail, bahasha ikiwa bado na jina la benki. Gmail inaitazama orodha ya benki, haioni seva ya chuo, na inahitimisha kwamba mtu anajifanya benki. Barua inatupwa kwenye taka au inakataliwa kabisa. Mwanafunzi haoni chochote. Kama ilikuwa barua ya kumwita kwenye usaili, atajua siku usaili umekwisha pita.

Dawa iliyobuniwa inaitwa SRS. Seva ya kati inaandika upya mtumaji wa kwenye bahasha ili awe wa kikoa chake, na kuihifadhi anwani ya awali ndani ya anwani mpya. Barua ya taarifa@benki.example inayopitia chuo.example inaweza kutoka na bahasha kama SRS0=k3Tz=7Q=benki.example=taarifa@chuo.example (kikomo .example kimetengwa rasmi kwa ajili ya mifano kama hii). Herufi za k3Tz ni muhuri uliokokotolewa kwa ufunguo wa siri wa seva, na 7Q ni tarehe. Taarifa ya kushindwa ikirudi chuoni, seva inakagua muhuri, inaona kwamba haujapitwa na wakati, na kuipeleka benki. Bila muhuri huo mtu yeyote angeweza kutunga anwani za namna hiyo na kuifanya seva ya chuo iwe mlango wa kupitishia taka.

SRS inatibu bahasha peke yake. Kilichomo ndani hulindwa na DKIM, saini ya kidijitali ambayo benki huiweka juu ya maneno ya barua na baadhi ya vichwa vyake. Saini hiyo husafiri salama kupitia seva ya kati mradi barua isiguswe, na hapa taasisi nyingi hujikwaa zenyewe. Kuongeza maneno ya "barua hii ni ya siri" chini ya kila barua, kubandika jina la chuo mbele ya mada, au kuruhusu programu ya kukagua virusi ipange upya viambatisho: kila kimoja kati ya hivyo kinatosha kuivunja saini. Kanuni ya DMARC, iliyochapishwa mwaka 2015, inaridhika ikiwa SPF au DKIM imefaulu kwa jina la kikoa kinachoonekana kwa msomaji. Baada ya SRS, SPF inafaulu kwa jina la chuo, si la benki. Hivyo kwa DMARC tegemeo lililobaki ni DKIM. Seva ya kupeleka mbele isiyobadilisha hata nukta ndani ya barua imeshinda nusu ya vita.

Ukali wa jambo hili ulionekana duniani kote mwezi Aprili 2014, Yahoo ilipotangaza kwamba barua za jina lake zisizothibitishwa zikataliwe. Makundi ya majadiliano ya barua pepe, ambayo kwa desturi huongeza maneno kwenye barua za wanachama, yalijikuta barua zao zikirudi kwa wingi. Baadaye ikaandaliwa kanuni ya ARC (2019), inayoiruhusu seva ya kati kuandika na kutia saini kile ilichokiona barua ilipoingia: kwamba SPF ya benki ilikuwa sawa wakati huo. Seva ya mwisho inaweza kuuamini ushahidi huo au kuukataa, kulingana na inavyomfahamu shahidi. Google huwashauri wanaopeleka barua mbele mara kwa mara kuweka vichwa vya ARC.

## Taka

Sanduku la mwanafunzi hupokea taka kama sanduku lolote. Seva ikipeleka kila kitu bila kuchuja, kwa macho ya Gmail taka hizo zimetoka chuoni. Mwanafunzi naye, akizikuta Gmail, anabonyeza kitufe cha kuripoti taka, na lawama inaandikwa kwa jina la seva ya chuo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawadai watumaji wakubwa kuthibitisha barua zao kikamilifu na kuweka malalamiko ya taka chini ya asilimia 0.3. Google humhesabu kuwa mtumaji mkubwa yeyote anayefikisha barua 5,000 kwa siku kwenye Gmail, kiwango ambacho chuo cha mfano wetu hukifikia kabla ya watu kumaliza chai ya asubuhi.

Kuchuja kunapaswa kufanyika mlangoni, wakati mazungumzo ya SMTP bado yanaendelea, kabla ya kutamka 250. Seva ikikataa hapo, mzigo unabaki kwa aliyeleta. Ikikubali kwanza na kugundua baadaye kwamba Gmail haiitaki barua hiyo, inalazimika kumwandikia mtumaji taarifa ya kushindwa. Watuma taka hughushi majina, kwa hiyo taarifa hiyo inamwangukia mtu asiyehusika ambaye jina lake limeibwa, naye anaanza kupokea mamia ya barua za kushindwa kutoka chuo asichokijua. Seva nyingi zimewekwa kwenye orodha nyeusi kwa kosa hili tu. Kwa sababu hiyo hiyo, anwani isiyokuwepo ikataliwe palepale mlangoni.

Barua ambayo haina uhakika wa kuwa taka hubakizwa kwenye sanduku la ndani bila kupelekwa mbele, na mwenyewe akafahamishwa kwa barua moja kwa siku. Taasisi zenye uwezo hutumia pia anwani mbili za IP: moja kwa barua zinazoandikwa na watumishi wake, nyingine kwa barua zinazopelekwa mbele. Ya pili ikichafuka, barua za ofisi ya mkuu wa chuo haziathiriki.

## Mizunguko

Mtu anaweka anwani ya chuo ipeleke Gmail, kisha kwa kusahau anaweka Gmail ipeleke chuoni. Barua moja inaanza kuzunguka. Kinga ya kwanza ni kuhesabu vichwa ambavyo kila seva huviongeza inapopokea. Postfix hukata barua ikishapita seva 50. Kinga ya haraka zaidi ni seva kuandika kwenye barua anwani iliyokwisha kuihudumia, ili ikiiona tena itambue mara moja. Majibu ya kujiendesha, kama yale ya "niko likizo", yana hatari ileile na hutakiwa kujitambulisha kwa kichwa maalumu, ili seva nyingine zisiyajibu.

## Anwani zilizohama na zilizokufa

Jedwali la lakabu huchakaa. Wahitimu huacha namba za simu, husahau nywila, na huziacha Gmail zao. Tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikifuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili, kwa hiyo anwani iliyokuwa hai wakati mtu anahitimu inaweza kuwa haipo leo. Seva inayoendelea kupeleka barua kwenye anwani zilizokufa huonekana kama mtuma taka anayebahatisha majina. Utaratibu unaofaa ni kuhesabu majibu ya kukataliwa moja kwa moja, na baada ya siku kadhaa za kukataliwa mfululizo kuusimamisha upelekaji huo na kurudisha barua kwenye sanduku la ndani. Vilevile anwani mpya isikubaliwe mpaka mwenyewe ajibu barua ya uthibitisho iliyotumwa huko, kwani herufi moja iliyokosewa inaweza kumpelekea mgeni barua za miaka mitano.

Ugumu wa aina nyingine hutokea taasisi yenyewe inapobadilika. Kata ya Ubena katika Mkoa wa Pwani ilikuwa chini ya Wilaya ya Bagamoyo. Katikati ya miaka ya 2010 eneo la Chalinze lilipata halmashauri yake, na Ubena ikawa upande huo. Wananchi hawakuhama, nyumba hazikusogea, lakini leo kuna vikoa viwili, bagamoyodc.go.tz na chalinzedc.go.tz. Katika mgawanyo wa namna hii, barua ya mwananchi kuhusu kiwanja au shule, ikiandikwa kwenye anwani iliyochapishwa zamani, itaingia kwenye seva ya ofisi ambayo haihusiki tena. Hapa mpangilio wa kikoa kizima kuelekezwa kingine haufai, kwa sababu kikoa cha zamani bado kina kazi yake. Lakabu zinapaswa kupangwa kwa wadhifa, moja moja, na ni busara kumjibu mwandishi kwa kumpa anwani mpya huku barua yake ikipelekwa, ili upelekaji upungue wenyewe kadiri miaka inavyopita. Kikoa ambacho hakina kazi tena nacho kisiachwe kiishe muda haraka. Kikoa cha .go.tz hakiwezi kusajiliwa na mtu yeyote tu, lakini cha .co.tz au .com kinaweza, na anayekichukua anaanza kupokea barua zote ambazo bado zinaandikwa kwa jina la mwenye nacho wa awali.

## Usalama na sheria

Mwizi anayepata nywila ya mhasibu mara nyingi haibadilishi. Anaweka kanuni ya siri ya kupeleka mbele kila barua yenye neno "ankara", kisha anasubiri. Mwenye sanduku haoni mabadiliko yoyote, na hata akibadilisha nywila kanuni inabaki. Kwa ajili hiyo Microsoft mwaka 2020 ilianza kuzuia upelekaji wa kujiendesha kwenda nje ya taasisi katika huduma yake ya Microsoft 365, mpaka msimamizi auruhusu. Hatua inayofanana na hiyo, kwa seva yoyote, ni kuiandikia anwani ya awali kila upelekaji mpya unapowekwa na kuorodhesha mara kwa mara zile zinazoelekea nje.

Nchini Tanzania taasisi za umma zina mfumo wake wa barua pepe, GMS, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, na barua za kiofisi zinatarajiwa kubaki humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imeweka masharti juu ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Upelekaji wa jumla wa barua za watumishi kwenda kwenye seva za kampuni za kigeni unaingia moja kwa moja katika eneo hilo. Ndiyo maana taasisi nyingi huona nafuu kuwapa watu sanduku kamili na programu nzuri ya kulisomea kwenye simu, na kuuacha upelekaji mbele kwa wahitimu, wastaafu na anwani za zamani.